Jina Moja katika Wimbo wa Milembe

Sogeeni, na kila mmoja aandae hukumu yake, maana mwisho nitaidai.

Milembe alikuwa na pumzi. Akianza ubeti, mpiga ngoma aliweza kunywa maji, akafuta mdomo, na ubeti bado unakwenda. Mchana alilisha mashine ya kuchambua pamba, kwenye kiwanda chenye vumbi jeupe. Jioni aliongoza kundi la ngoma.

Rafiki zake watatu nao walijaliwa. Ng'wasi alikuwa na sikio: alimjua ng'ombe mgonjwa kwa mlio wa kwato. Shija alikuwa na kumbukumbu: hakuna siku iliyompotea. Holo alikuwa na mdomo usioogopa mtu.

Mwezi mmoja kabla ya mashindano ya ngoma, ambayo hushinda kundi linalovuta watu wengi zaidi, pumzi ya Milembe ikakatika katikati ya wimbo.

"Wapinzani wamemloga!" kundi likalia. Wakamfunika blanketi, wakamfukiza kwa dawa. Alitoka humo akikohoa kuliko alivyoingia.

Ng'wasi akamwekea sikio mgongoni. "Kimya! Humu ndani kuna filimbi."

"Filimbi gani tena, Ng'wasi?" akauliza Milembe.

"Ya kifua, dada. Mchawi gani anapiga filimbi? Zimeni moto huo, twende zahanati!"

Huko, daktari alikwishashika kalamu aandike mafua. Shija akamzuia. "Ngoja, daktari. Jumatatu akirudi kazini hubanwa kifua sana. Mashine ilipoharibika, siku tisa nzima, hakukohoa hata mara moja."

Daktari akaweka kalamu chini. Akampima upya, akamwuliza mengi. "Hii ni pumu, na vumbi la pamba ndilo linaloiamsha." Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwonya: akiendelea kukaa kwenye vumbi lile, kifua kitazidi kubana.

Milembe akaitia dawa mfukoni. Watoto wake walikula kwa mashine ile. Angemwambia nini meneja?

Holo hakungoja, akamfuata meneja kiwandani. "Meneja, Milembe ahamishwe!"

"Kila mtu hapa anakohoa, mama."

"Basi simama hapa kwenye mashine, nami niimbe beti mbili tu."

Meneja akasimama, wafanyakazi wakizunguka. Holo akaimba taratibu, kwa makusudi. Ubeti wa pili haukufika nusu. Meneja alikuwa ameinama, macho mekundu, anakohoa. Kiwanda kizima kikacheka! Wiki ile ile Milembe akahamishiwa getini kupokea mizigo, na mafundi wakaanza kufunga mabomba ya kunyonya vumbi.

Siku ya mashindano ikafika. Milembe akafungua kifua, sauti ikaruka uwanja! Watu wakawaacha wapinzani, wakakimbilia upande wake, vumbi la miguu likibaki nyuma. Ushindi!

Sasa, kwa desturi ya kundi lao, mshindi humaliza kwa ubeti wa kumsifu aliyemfikisha hapo, na ubeti huo una nafasi ya jina moja tu. Jina hilo huimbwa mwaka mzima.

"Bila sikio langu ungekuwa bado chini ya blanketi!" akasema Ng'wasi.

"Bila siku zangu ungetibiwa mafua!" akadakia Shija.

"Na bila mdomo wangu," akasema Holo, "ungerudi mashineni na dawa yako mfukoni."

Milembe akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyesema uongo. Ngoma ikanyamaza, uwanja ukatulia, naye akavuta pumzi ndefu, safi, isiyo na filimbi.

Haya, mdomo uko wazi na watu wanangoja. Ungekuwa wewe Milembe, ungeimba jina la nani?