Nyegere na Bahari Iliyochacha

Hadithi na ije.

Ije, tumekaa.

Ije na nini?

Ije na utamu wake, na uchungu wake pia.

Basi sogeeni karibu, na mwenye kusinzia aamshwe na jirani yake. Hapo zamani za kale, kale sana, wanyama wa nchi kavu na wanyama wa baharini walikuwa wakitembeleana na kusemezana. Maji ya bahari yalikuwa na ladha moja tu, ladha ya chumvi, katika pwani zote za dunia.

Palikuwa na Nyegere. Alikaa mwituni karibu na ufuo, na chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa asali. Siku moja nyuki walimvamia, wakamuuma pua, wakamuuma masikio, wakamuuma hata kope. Alikimbia mpaka pwani, akajitupa ndani ya kidimbwi kati ya miamba. Humo ndimo alimokaa Mama Kome na gamba lake gumu kama jiwe. Mama Kome alimbandika mwani usoni, akakaa naye hata maumivu yakatulia.

Tangu siku hiyo wakawa ndugu. Nyegere alimwita dada, naye aliitwa kaka. Kila maji yalipotoka, Nyegere alishuka miambani, akagonga gamba la dada yake kwa ukucha, ko, ko, ko, akapiga hodi. Walizungumza mpaka maji yajae tena.

Mwaka mmoja radi ilipiga mti, mti ukawaka. Nyegere alichukua kijinga cha moto, akaenda nacho nyumbani. Akaona kwamba nyuki wakifukizwa moshi hulegea. Akaona kwamba nyama ikikaushwa motoni haiozi upesi. Akaona kwamba watoto wakilala karibu na moto hawatetemeki kwa baridi. Alijenga tanuri moja, akajenga la pili, na wanyama wengine wakaja kuomba moto, kila mmoja akajenga lake. Mwitu mzima ukafuka. Walimsifu Nyegere, wakamchongea kigoda cha heshima, wakamwita Bwana Moto, naye akalipenda jina hilo.

Lakini moshi nao ukazidi. Twiga alikohoa usiku na mchana. Ndege walipotea njia. Watoto wa Pundamilia walichuruzika machozi bila kupigwa. Wanyama walifanya baraza, wakamwambia Nyegere kwamba moto wanautaka ila moshi hawautaki, basi atafute pa kuupeleka.

Nyegere alikwenda ufuoni, akasimama akiyaelekea maji. Akaiomba Bahari immezee moshi wake, akasema ni kidogo tu, na yeye Bahari ni mkubwa, hatausikia.

Bahari haikusema ndiyo. Bahari haikusema hapana. Mawimbi yalikuja, yakarudi, yakaja tena.

Nyegere akajiambia kwamba amekubaliwa. Alikwenda kwa Upepo, wakapatana, na kila siku Upepo ukaubeba moshi wa mwitu mzima, ukautandaza juu ya maji, na Bahari ikaumeza. Mbingu zikatakata. Twiga akaacha kukohoa. Wanyama wakamsifu Nyegere zaidi kuliko mwanzo, na hapana aliyeuliza moshi umekwenda wapi.

Miaka ikapita. Siku moja Nyegere alishuka miambani, akapiga hodi, na Mama Kome akamwambia kwamba maji yana ladha ngeni, yanatia ganzi ulimi, kama mtu aliyelamba ukwaju. Akamuuliza kaka yake, kwa kuwa anatembea na kuona mengi, ule moshi wa matanuri unakwenda wapi siku hizi.

Nyegere alitazama pembeni. Akajibu kwamba moshi unakwenda juu, unapita mawingu, unaishia huko huko.

Mama Kome akamwamini. Nyegere akarudi nyumbani, na njiani aliona masikio yake yanawaka, akasema ni jua.

Miaka ikapita tena. Nyegere alishuka miambani, akagonga gamba la dada yake, lakini safari hii mlio haukuwa ko, ko, ko. Ulikuwa mlio mkavu, kama wa kibuyu. Alitazama huku na huku, akaona matumbawe jirani yamepauka, na chaza wamejikunyata pembeni. Mama Kome akamweleza kwamba watoto wake wanajenga magamba mchana, na maji yanayala usiku. Wanakula, wanashiba, lakini nguvu zote zinaishia kwenye kujenga. Akauliza tena kuhusu moshi.

Nyegere alisema huenda ni uzee, au ni chakula kibaya, au ni mwaka mbaya tu. Kesho yake alimletea mtungi mzima wa asali, asali nyeupe ya nyuki wadogo, ambayo hajawahi kumpa mtu. Mama Kome alimshukuru sana. Aliwaita watoto wake wote waje wamwone mjomba wao mwenye moyo mwema, wakaja wakiyumba kwa magamba yao mepesi, wakamwimbia. Nyegere alisimama pale akiimbiwa, na kila neno la wimbo lilimchoma kuliko nyuki. Siku hiyo hakula. Siku ya pili alikula kidogo. Siku ya tatu alikaa juu ya kigoda chake na kuwasha matanuri kama kawaida, maana wanyama walikuwa wanangoja.

Miaka ikapita mara ya tatu. Zikaja habari kwamba Mama Kome amejifungua kitindamimba. Nyegere hakutaka kwenda, lakini mjomba hawezi kukosa kumtazama mtoto. Alikwenda. Mama Kome alikuwa amezeeka na gamba lake limetoboka, lakini uso wake ulijaa furaha. Akamwambia akunjue kiganja, akamweka mtoto humo.

"Mpokee mpwa wako," alisema.

Nyegere alimpokea kwa upole, kwa kucha zilizokunjwa, bila kuvuta hata pumzi. Na gamba la mtoto likameguka. Lilimeguka lenyewe, kama mkate uliolowa, likabaki unga kiganjani mwake. Ndani yake mtoto alikuwa uchi, mlaini, mzima, anatetemeka.

Mama Kome hakulia wala hakupandisha sauti. Alimchukua mwanawe taratibu, akamfunika kwa mwani. Kisha akamtazama Nyegere usoni.

"Kaka," alisema, "moshi unakwenda wapi?"

Nyegere aligeuka akakimbia. Alipanda ufuo, akapita matanuri, akapita kigoda chake, akaingia shimoni na kukaa humo, ule unga wa gamba bado umemganda kiganjani.

Alikuwa humo shimoni aliposikia sauti ya Sululu, ndege yule mwenye mdomo mrefu aliyepinda, ambaye kila mwaka huzunguka pwani za dunia. Nyegere alitoa kichwa akamwita. Akamuuliza habari za bahari nyingine. Moyoni alitamani kusikia kwamba huko nako maji yamechacha, ili ajue kwamba kosa si lake. Na pia alitamani kusikia kwamba huko ni salama, ili Mama Kome awahamishie huko watoto wake.

Sululu akamweleza. Bahari ya kaskazini imechacha. Bahari ya kusini imechacha. Bahari za baridi, kule kwenye barafu, zimechacha zaidi, maana maji ya baridi humeza moshi upesi, na vikonokono vidogo vinavyoelea huko vinatoboka magamba vikiwa hai. Maji yote yameshikana, hakuna pa kuhamia.

Nyegere akauliza, kwa sauti ndogo, kama huko nako wapo wenye matanuri.

"Wapo kila pwani," Sululu alisema. "Wote huniuliza swali hilo hilo ulilouliza, na wote wanalo tumaini hilo hilo. Kila mmoja aliniambia kwamba moshi wake ni kidogo tu."

Sululu akaruka, akaenda zake. Nyegere alidhani akijua kwamba wakosaji ni wengi, aibu yake itagawanyika, apate sehemu ndogo. Haikugawanyika hata kidogo. Alikuwa nayo yote.

Akatoka shimoni. Alizima matanuri yake yote, halafu akaenda barazani akawaeleza wanyama wenzake moshi unakokwenda na nani anaishi huko. Wengine waliinamisha macho. Fisi alisema tanuri moja likizimwa hapa, maelfu yanawaka kwingine, basi ya nini kujitesa. Ngiri alisema bahari iko mbali na yeye hajui kuogelea. Walimsihi akae kwenye kigoda chake, ayasahau hayo. Nyegere alikitazama kile kigoda, akaona haya hata kukigusa, akakiacha pale pale. Wachache walimfuata wakazima matanuri yao. Wengine walibaki wakiota moto.

Kisha akashuka pwani. Njia ile aliyokuwa akiikimbia kila maji yakitoka, leo aliiona ndefu. Hakupiga hodi. Alisimama pembeni ya kidimbwi, macho chini.

"Dada, moshi unakuja kwako," alisema. "Nilijua tangu ulipouliza mara ya kwanza."

Maji yakaanza kurudi na kumlowesha Nyegere miguu. Mama Kome alimwambia kwamba ile asali aliila yote, yeye na watoto wake, na waliimba nyimbo za kumsifu kila siku, na sasa anazionea haya nyimbo zile. Neno hilo lilimvunja Nyegere. Alipiga magoti. Alisema hastahili kuitwa kaka, na kwamba atakaa papo hapo mpaka aibu immalize.

"Ukikaa hapo utaniziba jua," Mama Kome alisema. "Aibu yako haimvishi mwanangu gamba. Nenda kwenye matanuri yako, ukachote majivu, maana majivu huvunja uchachu."

Nyegere akaenda, akajitwisha majivu mgongoni, akarudi. Mama Kome akamwambia atie kidogo, kisha akaonja maji ya kidimbwi. Akamwambia atie kidogo tena, akaonja. Mara ya tatu alionja, akamtoa mtoto chini ya mwani na kumweka majini. Ukali wa maji ulikuwa umepungua. Umepungua mle kidimbwini tu, si penginepo. Nje ya miamba bahari ilikuwa chachu vile vile, na maji ya kujaa yalipofika, yaliingia na uchachu wake, na kazi yote ikawa ya kuanza upya.

Nyegere akaanza upya. Kila maji yakitoka alibeba majivu, na yake yalipokwisha alizoa ya matanuri ya wenzake. Mtoto alikua, akaota gamba, jembamba, limepinda upande mmoja, lakini gamba. Alijifunza kutembea nalo. Alimsalimia mjomba wake kwa adabu kila alipomwona, shikamoo mjomba, naye akaitikia marahaba. Lakini kiganjani mwake hakupanda tena, na Nyegere hakumwomba apande.

Nyegere alikufa bila kuiona bahari ikirudia ladha yake. Maji yaliyochacha polepole hupoa polepole zaidi. Wanawe wakabeba majivu, na wajukuu wake wakabeba, na yale majivu yakawaganda mgongoni hata yakawa ndiyo rangi yao. Mkimwona Nyegere leo, mweusi tumboni, mweupe mgongoni, mjue asili yake ni hiyo. Na mkimwona anatembea peke yake, kichwa chini, akikutana na watu anachimba shimo na kutokomea, msidhani ni kiburi. Anaona haya.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba uchafu unaoutupa usikouona, huko nako yupo anayeishi. Na ukiisha kujua, usingoje akuulize mara ya tatu. Na ukishikwa na aibu usiende kujifungia nayo shimoni, inyanyuke ifanye kazi.

Hadithi yangu nimeituliza hapa. Aliyeipenda aichukue, aliyechomwa nayo pia aichukue, ni yake zaidi.