Chaki ya Sista Skolastika

"Ubao una chaki moja, wengine huleta karatasi." Nimelisema hilo mara tatu tangu asubuhi, nanyi vijana wangu wa programu mnachekeana, mnadhani ni ukali wa uzee tu. Haya, wekeni simu chini niwaeleze lilikotoka.

Hospitali moja ya wilaya, jina nalihifadhi, wodi yake ya wazazi ilikuwa na ubao mweusi. Chaki ilikaa mfukoni mwa Sista Skolastika, muuguzi mkuu. Watu wa maabara wakipata jibu hawakugusa ubao. Walimletea karatasi yenye jina la mgonjwa. Akalisoma, akautazama ubao, ndipo akaandika. Madaktari walinung'unika kwamba anawachelewesha, tukaitwa sisi watengeneza programu tuweke programu ya simu mahali pa ubao.

Kazi ile niliifanya mimi. Mnajua ndani ya programu kuna nyuzi, yaani kazi zinazokwenda sambamba: mmoja wa mbele unachora kioo cha simu, nyingine ziko nyuma zinakwenda kuchukua habari. Uzi wa nyuma haugusi kioo. Huupa wa mbele ujumbe. Simu yenyewe ilinikatalia kuivunja sheria hiyo, lakini kwa ujeuri wa ujana nikatafuta uchochoro, nyuzi za nyuma zikaandika kiooni zenyewe. Programu ikawa na kasi ajabu. Nilipigiwa makofi, na kichwa kikanivimba.

Wiki ya pili akaletwa Nakiete, amejifungua na damu haikatiki. Muuguzi alikuwa amefungua ukurasa wa mgonjwa mwingine, anangoja jibu la kundi la damu. Likachelewa, akafungua ukurasa wa Nakiete. Hapo ndipo jibu la yule wa kwanza likafika. Uzi wangu haukuuliza sasa kioo ni cha nani. Ukaandika B chini ya jina la Nakiete, naye ni O.

Mfuko wa damu ukatundikwa. Matone machache tu, mama akaanza kutetemeka na kulia kwamba kiuno kinamuuma. Sista Skolastika akaifunga dripu papo hapo.

"Karatasi yake iko wapi?"

"Siku hizi hatutumii karatasi, Sista."

"Basi kimbia maabara ukaniletee!"

Nilipoitwa nikafika, mume wa Nakiete alikuwa ameketi koridoni, amempakata mtoto. Niliona aibu. Nikaanza kumweleza Sista habari za nyuzi, akanikatiza.

"Mwanangu, huyo mfanyakazi wako alijua anaandika kwa nani?"

"Hapana, Sista. Alijua cha kuandika tu."

Akatoa chaki mfukoni, akanifumbatisha. "Ubao una chaki moja. Wengine huleta karatasi."

Nakiete alilala siku tisa, figo zimegoma kwa ile damu isiyo yake. Siku ya kumi akaomba apewe mwanawe. Mimi nililia kama mtoto, sioni haya kuwaambia. Kisha nikaifumua kazi yote: kila uzi wa nyuma ulete ujumbe wenye jina, wa mbele ulisome kwanza, na kama ukurasa umebadilika, uuache ujumbe ule. Chaki ndiyo hiyo mnayoiona mezani pangu.

Sasa wewe, Elineema, ile mistari uliyoandika leo, ya uzi wa nyuma kugusa kioo, ifute. Najua ina kasi. Hata yangu ilikuwa na kasi.

"Nimeelewa, Mzee Kiangi. Ubao una chaki moja."

Na wengine?

"Huleta karatasi."