Bi Mwatumu Akataa Kukalishwa

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, maana bibi wa hadithi hii aliibiwa nguvu zake. Na walioiba ni watoto wake mwenyewe!

Hapo kale, bibi za bibi zetu hawajazaliwa, aliishi Bi Mwatumu. Akitwanga, twi! twi! twi! kijiji kizima kinajua. Mvi zilipomjaa, mwanawe Kibwana akasema, "Mama, sasa pumzika."

Akishika mchi, ananyang'anywa. Akishika mtungi, ananyang'anywa. Akitaka kunde: "Ngumu hizo, Mama. Kunywa uji." Keti, kunywa uji. Keti, kunywa uji. Wakaiita heshima! Heshima gani hiyo, wenzangu, ya kumgeuza mtu mzima gunia la mahindi?

Mjukuu wake Siwema akashika mimba. Na mila yao ilikuwa hivi: mtoto mchanga hulazwa mkekani. Mkubwa wa ukoo wa mama humwinua, husimama naye bila kushikwa, humtoa mlangoni, humpa jina. Akishindwa, zamu ni ya ukoo wa baba. Na huko alikuwako Bi Mkejina, aliyekwisha kutangaza: "Mimi nitamwita Mashaka."

Mashaka! Bi Mwatumu, mkubwa wa ukoo wa Siwema, akajaribu kuinuka kigodani. Puu! Akarudi chini. Akajaribu tena. Puu!

"Ni uzee, Mama," Kibwana akasema.

"Uzee umechukua kidogo. Kilichobaki mmechukua nyinyi. Lete kunde. Na yai!"

"Utaanguka, Mama."

"Basi kaa karibu. Karibu, si juu yangu!"

Akaanza na kitanda, maana kiko juu. Inuka, keti. Inuka, keti. Magoti yakalalamika, ka! ka! Akichoka anapumzika, kesho anarudi. Kitanda kilipokuwa chepesi, akahamia kigodani. Kisha mkekani. Mtungi akaubeba na maji kidogo, halafu nusu. Mchi nao, twi... anapumua... twi. Akala kunde, akala dagaa. Uji akampa Kibwana!

"Mama, watu watasema hatukutunzi."

"Waje waseme. Mlango nitawafungulia mwenyewe."

Mtoto akazaliwa, wa kike, mnene kama boga. Nyumba ikajaa. Bi Mkejina akaketi mbele kabisa, mdomo tayari.

Bi Mwatumu akapiga goti. Akamkumbatia mtoto. Akaanza kuinuka. Ka! Akakwama katikati. Kibwana akanyoosha mkono.

"Rudisha mkono huo!"

Kisha huyooo! Juu! Wima! Akatoka mlangoni.

"Huyu ni Tunu!"

Vigelegele! Bi Mkejina naye alipiga, kisha akasogea sikioni: "Shoga, nasikia ulianza kuinukia kitandani. Nami nianzeje?"

Basi ukimpenda mzee, usimnyang'anye mchi. Umri hupunguza nguvu, ni kweli, lakini kukalishwa huzimaliza. Mpe chakula cha kujenga mwili, mwachie kazi inayomfaa, nawe kaa karibu.

Ngano yangu imekomea hapa. Mmeisikiliza mmeketi, haya, inukeni!