Herufi ya Pili

Sogeeni, nina kisa. Mwanzo ninao, katikati ninayo, mwisho mtanipa ninyi.

Katika Mtaa wa Magunia, kwenye mji mmoja wa milimani, kulikuwa na kichochoro chenye nyumba tisa. Jina hakikuwa nalo. Ukiulizwa unakaa wapi, unajibu "kule kichochoroni", na aliyekuuliza anaridhika. Nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya Bi Siwema, muuza vitumbua. Aliijenga kwa miaka kumi na mmoja: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka unaofuata anapumzika.

Humo kichochoroni walikuwamo watu watatu wenye vipawa, na majina yao yote yanaanza na M. Mwalimu Mhando, mstaafu, alijaliwa jicho la kusoma. Hata karatasi iliyofungiwa karanga aliisoma yote kabla hajala karanga zenyewe. Fundi Mboni, mama mmoja wa makamo, alijaliwa mkono. Angeweza kubomoa ukuta na matofali yote yakatoka mazima. Wa tatu, Mzee Masumbuko, aliyefiwa na mkewe, alijaliwa kauli isiyorudi nyuma. Akisema ndiyo, ni ndiyo mpaka mwisho. Shida ni kwamba kwa kawaida alisema hapana.

Basi ikapitishwa sheria mpya ya mipango miji. Zamani njia ikiwa nyembamba, ofisi ya ardhi ya mji iliweza kulegeza kidogo, watu wakaongea, wakaelewana. Sheria mpya iliwanyang'anya uwezo huo. Njia isiyofikia mita nne, na isiyo na jina, haiingii kwenye ramani, na nyumba zilizo nyuma yake hazipati hati. Eneo lao linapangiwa matumizi mengine, wenyewe wahame.

Mpima akaja na tepu yake. Mbele ya nyumba ya Mzee Masumbuko akapata mita tatu na robo. Akaandika kitu kwenye daftari, akafunga, hakusema neno. Mpima asiposema neno, watu wameshaelewa.

Bi Siwema hakuonja kitu siku mbili, hata vitumbua vyake mwenyewe. Siku ya tatu wakazi wote wakakusanyika uani kwake, naye akasimama.

"Jamani, mimi sina cha kutoa," alisema. "Ila njia hii ikipona itatakiwa iwe na jina. Basi atakayeiponya, itaitwa kwa jina lake."

Nyumba zote tisa zikaitikia. Ahadi hiyo mmeisikia? Ishikeni vizuri.

Mwalimu Mhando akaenda kuazima sheria yenyewe ofisi ya mtaa. Wenzake waliisikia redioni tu, wakakata tamaa. Wawili walikuwa wameshaanza kutafuta vyumba vya kupanga. Yeye akaisoma siku nne, mstari kwa mstari, miwani ikimshuka puani. Ukurasa wa arobaini na saba akakuta maneno ambayo hakuna redio iliyoyasoma: wakazi wenyewe wanaweza kuipanua njia yao ndani ya siku tisini, kisha mpima arudi kupima upya. Akatoka mbio na kandambili mguu mmoja. Bila yeye, watu wangekaa wakingoja kuhamishwa, tena kwa adabu.

Lakini njia ingepanuliwa wapi? Upande mmoja ni mwamba. Upande wa pili ni baraza la Mzee Masumbuko, lililoingia njiani robo tatu ya mita. Marehemu mkewe, Bi Zaituni, alikuwa akikaa pale miaka yote kusuka ukili wa mikeka, hata saruji ya mahali pake ikawa laini. Na sheria ilisema wazi kwamba hakuna wa kumlazimisha mwenye nyumba. Bi Siwema akaenda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuchukua baraza."

"Nimekuja kuomba."

"Hapana."

Bi Siwema hakubishana. Miguu ilikuwa imechoka, akaketi palepale barazani.

"Hapo ulipokaa ni pake," mzee akasema.

"Najua, Mzee. Ukili nilijifunzia hapa, ubavuni kwake. Nilikuwa nakosea, ananifumulia, naanza upya."

Mzee Masumbuko naye akaketi. Alikuwa bado anamlilia mkewe, na hakuwa na wa kumwambia. "Hata mimi alikuwa ananifumulia," akasema mwishowe. "Haya, chukueni. Ila kipande hicho cha saruji msikivunje." Bila kauli hiyo, ukurasa wa arobaini na saba ungekuwa karatasi ya kufungia karanga.

Ikabaki kazi, na kazi ilikuwa na miiba. Paa la mbele la Mzee Masumbuko liliegemea nguzo za lile baraza. Mafundi wawili walikuja, wakatazama juu, wakatazama chini, wakaaga. Fundi Mboni akaja na jeki na magogo. Akalishikilia paa kwa siku tisa huku akitoa tofali mojamoja, akajenga nguzo mpya ndani ya mstari. Kipande cha Bi Zaituni akakikata pembeni kwa patasi, polepole. Kikatoka kizima, akakilaza sebuleni karibu na mlango, mahali penye mwanga. Mzee alikipapasa kwa kiganja, akaenda kuosha uso. Bila mkono huo, kauli ya mzee ingeishia kumwangushia paa kichwani.

Siku ya tisini mpima akarudi. Watu wote nje, Bi Siwema kajishika kiuno. Tepu ikanyooshwa chini: mita nne kamili. Watu wakaanza kupongezana.

"Ngojeni," mpima akasema. Akainua fimbo yake juu. "Sheria haipimi ukuta. Inapima kuanzia ukingo wa bati. Bati hili limezidi shubiri moja."

"Imeandikwa wapi?" Mwalimu Mhando akauliza.

"Ukurasa wa arobaini na nane."

Maskini Mwalimu. Maisha yake yote hajawahi kuacha kitu katikati, na mara hii, kwa furaha ya ukurasa wa arobaini na saba, alifunga kitabu akakimbia. Bi Siwema aliitazama nyumba yake kule mwisho.

Fundi Mboni alikuwa tayari kwenye ngazi, mkasi wa bati mkononi. "Mzee, nikate?"

"Nilisema chukueni. Mara ngapi?"

Bati likakatwa. Tepu ikanyooshwa tena, juu na chini. Chini mita nne kamili, juu mita nne na vidole viwili.

Hapo Bi Siwema akakaa chini kwenye vumbi, kanga na yote, akacheka huku machozi yakimtoka. Pumzi aliyoibana miezi mitatu ikashuka. Nyumba yake ni yake. Akaagiza sinia lote la vitumbua liletwe, na siku hiyo alikula vinne peke yake.

Mpima alimaliza kitumbua chake, akafuta vidole, akatoa fomu. "Jina la njia. Moja tu, si mawili. Na nalitaka sasa hivi, faili linafungwa leo."

Ahadi ilitoka kinywani mwa Bi Siwema, kwa hiyo kalamu wakampa yeye. Maneno yakaanza.

"Mwalimu," alisema mmoja. "Ndiye aliyetufumbua macho."

"Akatufumba tena ukurasa wa arobaini na nane," alijibu mwingine. "Ni Fundi Mboni. Ameokoa mara mbili."

"Na hilo baraza miaka ishirini iliyopita alilijenga nani? Si yeye huyohuyo?"

"Nilijenga nilipoambiwa," Fundi Mboni akasema. "Aliyeniambia yupo hapa."

"Basi Mzee. Wenzake wametoa kazi, yeye ametoa mahali pa mkewe."

"Ndiye aliyeziba njia tangu mwanzo. Tumpe sifa kwa kuizibua? Halafu mimi niwaambie wakwe zangu naishi Njia ya Masumbuko?"

Watu wakacheka. Mzee Masumbuko naye akacheka, na hilo halikuwa limeonekana tangu mazishi.

"Mama, andika," mpima akasema. "Gari linaningoja."

Bi Siwema akaiweka fomu gotini. Akawatazama mmoja mmoja: mwenye miwani, mwenye mkasi wa bati, na mwenye mlango uliobaki bila baraza. Wote watatu wamemrudishia nyumba, na ukimwondoa mmoja, nyumba haipo. Akainama, akaandika M.

Watu wakasogea kuchungulia, na kalamu ikasimama.

Mimi kisa nilikipokea kikiishia hapo, kalamu ikiwa bado imesimama. Nyumba tisa zimepona, mpima anatazama saa, na ahadi ni ahadi. Haya, wewe uliyenyamaza tangu nianze, pokea kalamu. Herufi ya pili utaandika H, utaandika B, au utaandika A?