Kiwanja Alimolazwa Atuganile

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na mja mwema katika nyanda za juu za kusini, jina lake Mwalimu Ambokile, aliyefundisha biashara katika chuo kikuu cha kanisa. Alikuwa mcha Mungu, mpole wa maneno. Kila kipindi alikifungua kwa sala, na juu kabisa ya ubao aliandika aya ya Maandiko. Kisha chini yake aliandika somo.

Mkewe, Atuganile, alifariki wakati wa masika, barabara ya kwao ikiwa imekatika kwa maporomoko. Walikuwa wapangaji wa Mzee Mwaijande, naye mzee yule, Mungu amrehemu, akasema, "Mlazeni hapa kwangu." Wakamlaza kando ya migomba. Baadaye mwalimu alihamia nyumba za chuo, lakini moyo wake haukuhama. Alitamani jambo moja tu: akinunue kiwanja kile, ajenge, na siku yake ikifika alazwe ubavuni mwa mkewe. Sisi tuliozika tunaijua shauku ya namna hiyo. Haina kelele, wala hailali.

Mzee alipokuwa hai hakutaka kuuza. Kisha naye akafariki.

Siku chache baada ya mazishi hayo, mwalimu alikuwa akifundisha namna ya kununua. Juu ya ubao iliandikwa aya ya kumpenda jirani. Chini yake, kwamba mnunuzi mwerevu humwendea muuzaji wakati wa shida, kwa maana wakati huo hawezi kushindania bei. Mwanafunzi mmoja, Ipyana, ambaye hakujaliwa kunyamaza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, aya inakaa ghorofani, somo linakaa chini. Naona wapangaji hawa hawasalimiani."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka. "Keti, mhubiri. Mtihani hauulizi salamu."

Alipotoka alimkuta Mama Lusajo, mjane wa Mzee Mwaijande, akimngoja barazani.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa. Mwalimu, kile kiwanja bado unakitaka?"

"Nakitaka, mama."

"Basi kichukue. Nimebanwa, sina pa kushika. Yupo mfanyabiashara wa mjini anakuja Jumamosi, lakini yeye atataka kaburi la mwenzio lihamishwe. Nimeona nikuambie wewe kwanza."

Akataja bei. Ilikuwa ndogo mno, na mwalimu alikuwa nayo. Kwa bei ya haki asingekipata hata kama angeweka akiba mpaka kustaafu.

Akamwomba amngoje kidogo, akarudi darasani. Wanafunzi walikuwa wameondoka na ubao haujafutwa. Akakaa dawati la nyuma, akaisoma aya, kisha akalisoma somo lake mwenyewe. Akaona kwamba Mama Lusajo ndiye aliyeandikwa pale chini. Alitaka kusali, maneno hayakuja. Alisema tu, "Bwana, ni Atuganile."

Hatimaye akatoka. "Mama Lusajo, hiyo ni bei ya msiba, siyo ya kiwanja. Thamani yake ni mara tatu. Usiniuzie mimi, wala usimuuzie huyo wa Jumamosi. Subiri mpaka uweze kukataa."

"Kwa hiyo hukitaki tena?"

"Nakitaka kuliko jana."

Mama akamtazama, machozi na kicheko vikimjia pamoja. "Wewe ni mwalimu wa biashara wa namna gani? Hao wanafunzi wako watakula nini?"

"Watakula ndizi zako, mama. Jiko la chuo linanunua ndizi za mbali, na za kwako zinaivia mgombani."

Kesho yake alilifuta somo mbele ya darasa, akaiacha aya. Akawaeleza yote, bila kuficha kwamba alitamani. Akawatuma kina Ipyana wazungumze na jiko la chuo, wakapanga bei ambayo mama asingeionea haya. Mfanyabiashara alikuja Jumamosi, akarudi mikono mitupu. Mama Lusajo akavuka msimu ule, na uliofuata. Na wanawe waliporudi nyumbani, wakakaa, wakakata shauri kwamba ardhi ya baba yao haitauzwa kamwe, kwa yeyote.

Habari hiyo ilipomfikia, mwalimu alisema, "Wamesema vema."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, alisimama nje ya uzio na kupiga hodi kama mgeni yeyote, na Mama Lusajo akamkaribisha. Mwalimu alipofariki, ukoo wake ulimchukua mpaka Kyela, akalazwa kwa baba zake, mbali na migomba ile.

Ndugu zangu, waliotupa kisa hiki hawakutupa mwisho mwingine, nami sina wa kuongeza. Utii wake ulimgharimu mahali pa kulala. Wapo waliosoma kwake ambao mpaka leo hawanunui kitu katika nyumba yenye msiba, na hiyo ni sadaka yake iendeleayo. Ama kuhusu shauku yake, naamini Mwenyezi Mungu ameihifadhi. Siku makaburi yatakapofunguliwa, hatakuwapo wa kuuliza kiwanja ni cha nani.