Siku Kibwana Alipomlikiza Mwajaka

Haya, wajukuu, mko?

Tupo, Bibi!

Mko kwa masikio au kwa matumbo?

Kwa masikio!

Mnasema uongo, lakini tuendelee. Zamani ile ya mbali, kuku walipokuwa bado wanabishana kama waote meno au mabawa, palikuwa na mji ukiitwa Kitundani. Mji huo ulikuwa na jumbe, na jumbe huyo aliitwa Mwinyipembe. Alikuwa na kilemba kikubwa. Chini ya kilemba hapakuwa na vitu vingi sana, lakini hilo lilikuwa siri ya mji mzima.

Jumbe Mwinyipembe alipata mtoto mmoja tu, mwanamume, akamwita Kibwana. Mama yake Kibwana alifariki siku ileile ya kumzaa. Msiinamishe vichwa, hiyo ni zamani. Mtoto akalia njaa, mji ukatafuta ziwa. Wakamwona Mwajaka.

Mwajaka alikuwa mke wa nani? Wa marehemu. Mumewe alikuwa mrina asali, akaanguka kutoka mtini na mzinga wake, na nyuki hawakumsubiri azikwe. Mwajaka alikuwa na kitoto kichanga, msichana, jina lake Siwema. Watu wa jumbe wakamwambia, "Mwache huyo kwa bibi yake anywe uji. Wewe njoo umnyonyeshe mtoto wa mkubwa."

Hawakumwomba, wajukuu. Walimwambia. Akaenda, mwendo wa siku mbili kutoka kijijini kwao Mgombani, kifua kimejaa na macho yamejaa.

Sasa msikilizeni mganga. Maana pale kwa jumbe palikuwa na mganga, Kiverenge, mwembamba kama ufito, lakini akikaa mbele ya sinia la pilau mngejiuliza linakwenda wapi. Kiverenge akatupa kokoto zake, akazitazama, akasema, "Jumbe, mtoto huyu asiachishwe ziwa na mtu yeyote. Atakayemwachisha amemuua. Ataacha mwenyewe, siku atakayosema kwa kinywa chake: basi."

"Siku gani hiyo?" jumbe akauliza.

"Nitakuwa naangalia kila Ijumaa," akasema Kiverenge. Na kila Ijumaa ilikuwa ni siku ya nini? Ya pilau! Naona mmeelewa upesi kuliko jumbe.

Basi Kibwana akanyonya. Akanyonya mwaka wa kwanza, hiyo sawa. Akanyonya mwaka wa pili, hiyo pia sawa. Akanyonya mwaka wa tatu, akaota meno yote, Mwajaka akayahesabu kwa kuumwa. Akanyonya mwaka wa nne, akawa anapanda mbuzi. Akanyonya mwaka wa tano! Anacheza mpira wa matambara na wenzake, katikati ya mchezo anainua mkono: "Ngojeni, nikanyonye, narudi." Na wenzake wanangoja, maana ni mtoto wa jumbe. Anarudi anafuta mdomo, mchezo unaendelea.

Shamte, usicheke sana. Mama yako anajua habari zako.

Kila msimu wa mavuno alipita mama mmoja muuza vyungu, Bi Mkasi, akitokea pande za Mgombani. Mwajaka akimwona humkimbilia. Mwaka mmoja Bi Mkasi alimwambia, "Siwema amesimama." Mwaka mwingine, "Siwema anamwita bibi yake mama." Mwajaka akaingia ndani, akajifungia mpaka jua likageuka. Na mwaka huo wa tano, Bi Mkasi alitua vyungu vyake, akawa anavifuta vumbi kimoja kimoja.

"Sema, dada," Mwajaka akamwambia.

"Mama yako macho yamezimika. Haoni. Siwema ndiye anayepika."

"Siwema? Ana miaka mitano!"

"Anapanda juu ya kinu kilicholazwa ili afike kwenye chungu."

Mwajaka hakulia siku hiyo. Alikwenda shambani akachuma shubiri, akajipaka kwenye ziwa, uchungu wake mtu mzima hauwezi. Kibwana akaja, akaonja, akakunja uso kama mzee aliyevaa kiatu kibovu. Akatulia. Akasema, "Tena."

Kesho yake akapaka pilipili kichaa. Mtoto akatoka jasho, akatoka machozi, akatoka kamasi. Akanyonya mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mwajaka, hakuna ndimu?"

Aliyeungua ni Mwajaka mwenyewe, siku nzima anajipepea kwa kipepeo cha makuti, akisingizia joto.

Akaona heri aende kwa jumbe. Akapiga magoti. "Shikamoo, Jumbe wangu. Nina mtoto nyumbani. Mama yangu haoni. Niruhusu niende."

"Marahaba. Je, Kibwana amesema basi?"

"Hajasema, Jumbe. Lakini jana amekula mihogo minne na mkia wa samaki. Hafi huyu."

Jumbe akamgeukia mganga. Mganga akatikisa kokoto zake, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, pilau lilikuwa kesho. "Bado," akasema.

"Bado," akasema jumbe. "Na Mwajaka, ukimkatalia mwanangu, nitakutia mkatale, miguu kwenye gogo." Jumbe hakuwa mtu mbaya, wajukuu. Aliogopa. Alikuwa amezika mke, hakutaka kuzika tena. Lakini mwoga mwenye kilemba anaweza kuumiza watu wengi.

Basi siku moja wakaja wageni, wazee watano kutoka mji wa jirani, kumtazama mrithi. Wakapanga mikeka barazani, kahawa ikamiminwa. Jumbe akajikohoza: "Huyu ndiye mwanangu. Simba wa kesho."

Na simba wa kesho akatokea uani, magoti yana matope, akapita katikati ya wageni moja kwa moja mpaka kwa Mwajaka aliyekuwa akigawa kahawa. Akamvuta kanga. "Mwajaka, ziwa."

Mgeni mmoja akamwaga kahawa kwenye kanzu yake. Mwingine akaanza kuhesabu makuti ya paa.

Mwajaka akaweka buli chini. Alijua gogo la mkatale liko wapi, lilikuwa linaonekana kutoka pale. Akasema, "Leo sikupi, baba."

Jumbe akasimama. Kibwana naye akashangaa, maana hakuwahi kusikia neno hilo maisha yake yote. "Kwa nini?"

"Nataka kwenda kwa mwanangu."

"Una mwana?"

Mnasikia? Miaka mitano, na hakuna aliyemwambia.

"Ninaye. Anaitwa Siwema. Mlizaliwa mwezi mmoja."

Mtoto akafikiri. Ungemwona anavyofikiri, ulimi nje. "Nani anamnyonyesha?"

"Hakuna mtu."

"Ziwa lake liko wapi?"

Mwajaka akamtazama tumbo lake. Na Kibwana akajitazama tumbo, lile tumbo lake la duara, akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekutwa na kitu cha mwenziwe.

Halafu akageuka. "Baba, nimemlikiza Mwajaka."

Neno hilo alilitoa wapi? Ni neno la walinzi. Zamu ikiisha, jumbe alikuwa akiwaambia, "Nimewalikiza, nendeni mkapumzike kwenu." Mtoto hakujua neno jingine la kumwachia mtu aende zake.

Kiverenge akaruka. "Bado! Kokoto hazija..."

"Basi," akasema Kibwana. "Nimesema basi. Wewe hunyonyi, unajuaje?"

Wazee watano walicheka mpaka mmoja akashikwa na kwikwi. Jumbe alimtazama mwanawe, akamtazama mganga, na nadhani chini ya kilemba kitu kilijigeuza kidogo, maana alikaa, akajifunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwajaka, umelikizwa. Nenda."

Kibwana alilia siku tatu, jumbe mwenyewe anambeba uani, anaimba vibaya. Siku ya nne akala sinia zima la pilau, na ilikuwa Ijumaa. Kiverenge alihama mji. Mtoto hakufa, alizeeka akawa jumbe mwenye kitambi.

Na Mwajaka? Alitembea siku mbili. Akafika Mgombani saa ya kupika cha mchana. Akaona katoto kamesimama juu ya kinu kilicholazwa, kanakoroga ugali kwa mwiko mrefu kuliko mkono wake.

"Hodi."

"Karibu. Bibi amelala. Wewe nani?"

Njia nzima alikuwa amepanga la kusema, na lote likampotea. Akasema, "Nimelikizwa."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo kwamba nimekuja kukaa."

Siwema akamtazama juu mpaka chini, jasho linamtiririka puani. Hakumkumbatia, alikuwa hamjui. Akamnyooshea mwiko. "Basi shika, mkono unaniuma."

Tangu hapo watu wa Kitundani, mtoto akiacha ziwa, husema amelikizwa. Anayelia ni mtoto, anayepewa ruhusa ni mama. Na likizo ni ndugu wa neno hilo. Wenye makamusi kama wana yao, wakaisimulie kwao.

Funzo lake? Aliyekulisha naye ana kwao. Siku utakapoweza kutafuna, mwachie aende, wala usingoje kokoto za mtu anayekula pilau.

Kisa changu kimefika, nimekitua chini. Mwenye nguvu akibebe, mwenye usingizi akilalie, na mwenye mate mengi, wewe Shamte, usikinyonye.