Miski ya Bi Thureya

Sultani Badawi bin Mahfudhi aliutawala mji wa Sharaani, mji wa kuta nyeupe na visima vitamu, na Mwenyezi Mungu alimruzuku mali na hekima, kisha akamjaribu kwa mtoto wa jicho hata asione ila kiza, akawa anawajua watu kwa harufu zao, waziri kwa tumbaku yake na kadhi kwa kafuri, wala hakosei.

Alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Bi Thureya, aliyemwoa macho yangali na nuru, na mdogo ni Bi Shinuni, aliyeolewa juzi tu, naye alijipaka miski nyeupe. Kila Bi Shinuni alipoinua pazia, Sultani alitabasamu akasema, "Karibu, Shinuni, roho yangu." Lakini alipoinua Bi Thureya, aliyejipaka marashi ya mawaridi kama wanawake wote wa jumbani, Sultani aliuliza, "Nani huyo?"

Maneno hayo yalimkata maini. Wivu ulimshika, wivu hasa, wa kutia chakula uchungu, na kila alipomsikia mwenzake akicheka uani alisema moyoni, "Cheka tu, kitakutokea puani."

Asubuhi moja akawasha chetezo alichorithi kwa nyanya yake, akatia udi, na chozi likadondokea makaa, mara moshi ukasimama wima ukawa jini mwenye ndevu za kijivu, akainama akasema, "Labeka, bibi yangu. Mimi ni mtumishi wa chetezo hiki. Amuru."

"Niletee miski ya Shinuni, ile ile."

"Nitaleta. Lakini miski haichaguliwi chupani, bibi, huulizwa ngozi. Paka tone moja kifundoni mwa mkono, usisugue, ukae nalo mpaka adhuhuri, ndipo ujue limekukubali au limekukataa."

"Nimekuomba miski, sikukuomba darsa!"

Basi akajipaka shingoni na mikononi mpaka viwikoni, akasugua, akatoka mbio, na kabla hajavuka ua miski ikamgeuka. Alipoinua pazia, Sultani akapiga chafya. "Nani kaniingizia beberu barazani?" Na Bi Shinuni, aliyekuwapo, akajiziba mdomo kwa leso.

Bi Thureya akarudi kwa jini. "Basi nipe na ngozi yake!"

"Fikiri, bibi."

"Nipe!"

Jini akampulizia moshi, na ngozi ikabadilika. Alipoinua pazia, Sultani alinyoosha mikono na uso ukimng'aa, akasema, "Karibu, Shinuni, roho yangu."

Bi Thureya akafurahi, kisha furaha ikazimika. Mapenzi yote yale hayakuwa yake, na yeye mwenyewe, kwa miguu yake, ndiye aliyekwenda kumpokelea mwenzake. Akatoka, akalia kwa sauti.

"Nirudishie ngozi yangu," akamwambia jini, "mbaya vivyo hivyo."

"Si mbaya, ina joto. Sasa tuiulize."

Akaoga, akajikausha, akatia tone kifundoni, akakaa. Miski ya kwanza ikachachuka. Siku ya pili nyingine ikapotea kabla ya adhuhuri. Kisha jini akaleta miski nyeusi, nzito, ambayo chupani Bi Thureya aliikunjia pua, nayo adhuhuri ilipofika ikawa inanukia kama nguo zilizofukizwa kwa Idi, na ndani yake harufu ya ngozi yake mwenyewe. Akaongeza tone nyuma ya sikio, wala hakuzidisha.

Akainua pazia. Sultani akainua uso akavuta pumzi, na Bi Thureya akajua sasa ataulizwa yeye ni nani.

"Thureya," akasema Sultani, na machozi yakimlengalenga. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Akamtunuku lulu na vitambaa vya hariri, na arusi yao ikachezwa upya, mji mzima ukala pilau.

Haikupita muda, Bi Shinuni akaja chumbani, amenuna. "Bi mkubwa, nigawie hiyo miski yako."

Bi Thureya akampa chupa nzima, kwa tabasamu na kwa moyo mweupe. Wasia wa jini, wa kujaribu kwanza, hakumpa.

Ndiyo maana mpaka leo wazee wa Sharaani huwausia wari wao: miski iulize ngozi yako, usimwulize mke mwenzio.